Mvua haifungi barabara peke yake

Aliyesafiri kati ya Kasulu na Kibondo katika miaka ya kabla ya lami hakuwa na desturi ya kuuliza basi litafika saa ngapi. Aliuliza kama litafika. Mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza Oktoba, hupumua kidogo mwaka unapogeuka, kisha huendelea hadi mwanzoni mwa Mei. Kwa miezi yote hiyo njia kuu itokayo Kasulu, ikapita njiapanda ya Nduta, Kibondo na Kakonko hadi kuikuta barabara ya lami pale Nyakanazi, ilikuwa njia ya kubahatisha.

Usiku mmoja wa mwezi wa Machi, miaka kadhaa kabla ya makatapila kufika, tulikuwa miongoni mwa abiria wa basi lililokwama kabla ya kuifikia njiapanda ya Nduta. Mbele yetu lori la maharage lilikuwa limelalia ubavu, na utingo wake amejikunyata juu ya magunia chini ya turubai. Nyuma yetu taa za magari ziliongezeka moja baada ya nyingine. Wanaume tulishuka tukasukuma, tukateleza, tukasukuma tena. Wanawake walibaki ndani na watoto, kwa kuwa tope lilifika magotini, na kwa kuwa njia ile ilikuwa na sifa mbaya ya majambazi. Kulikuwa na miaka ambayo mabasi ya huko hayakusafiri bila kusindikizwa na askari wenye silaha. Katika viti vya mbele alikaa bibi mmoja na mke wa mwanawe, mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali Kibondo. Kila tuliporudi ndani kupumzika, bibi yule alituuliza neno moja tu: “Wanangu, maji yamepungua?” Nasi tukamjibu, “Bado, bibi.”

Alfajiri tuliswali kando ya njia, juu ya turubai la lori. Maji ya udhu hayakuwa tatizo.

Kulipopambazuka ndipo tulipoona kilichotulaza pale. Tulidhani ni mto. Kumbe lilikuwa kalavati moja la saruji, upana wake wa kumtosha mtoto kupita akitambaa, limezibwa na mabua ya mahindi, matope na gogo lililokokotwa na maji kutoka shambani. Maji yalipokosa njia ya chini yalitafuta njia ya juu, yakakata tuta la barabara kama mtu akatavyo mkate. Vijana wa kijiji cha jirani walikuja na majembe na kamba, wakalitoa gogo lile na kuyafukua matope, na kabla ya saa mbili kupita maji yalikuwa yameshuka. Adhuhuri tulivuka. Mkwe wa bibi yule alishuka Kibondo akitembea kwa miguu yake, alhamdulillah. Angeweza kushushwa amebebwa.

Tunalisimulia tukio hili kwa sababu kila barabara inapofungwa, neno la kwanza linalosikika ni mvua. Mvua zimekuwa kubwa, mvua hazikutarajiwa, mvua za mwaka huu si za kawaida. Hatukatai kuwa zimekuwa kubwa. Katika msimu wa El Niño wa 2023 na 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki dunia na wengine zaidi ya 200,000 kuathirika nchini. Si jambo la kufanyiwa mzaha. Lakini mvua iliyotulaza karibu na Nduta ndiyo iliyonyesha maili kumi mbele na maili kumi nyuma, na huko barabara ilipitika. Tofauti ilikuwa gogo ambalo hakuna aliyeliondoa mapema.

Watu wa Kigoma wamezoea kuishi na njia inayokatika. Mkoa ulipewa jina la “mwisho wa reli”, nalo lina heshima yake na uchungu wake. Wakati wa Mwingereza nchi ya Waha ilihesabiwa zaidi kuwa ghala la nguvukazi. Vijana wake walichukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na hapakuwa na haraka ya kuwajengea barabara, maana kilichotakiwa kutoka kwao ni mikono na si mazao. Reli yenyewe iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikuwa na dhamana. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliposomba njia ya treni kati ya Kilosa na Gulwe, safari zilisimama kwa miezi, na aliye Kigoma akajua kwamba maji ya Morogoro, mamia ya maili kutoka nyumbani kwake, yanaweza kumfungia mlango.

Ndiyo maana habari ya lami ilipokelewa kule kama habari ya harusi. Novemba 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa kujenga barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu mpakani na Burundi, takriban kilomita 260. Kazi iligawanywa mafungu manne: Manyovu hadi Kasulu kilomita 68.25, njiapanda ya Kanyani hadi Mvugwe kilomita 70.5; Mvugwe hadi njiapanda ya Nduta kilomita 59.35, na kutoka Nduta kupitia Kibondo hadi Kabingo kilomita 62.5. Nduta, basi, ndipo mafungu mawili yanapokutana. Msafiri aliyelala pale na tope hadi magotini anapoona mashine ya kusawazisha lami ikipita mahali palepale, huona kama anaota.

Hatutaki kumharibia ndoto. Ila lami haizuii maji. Lami ni kofia tu; kinachobeba barabara ni tuta, na kinacholinda tuta ni mitaro, makalavati na madaraja. Kalavati likiziba, maji hujikusanya upande wa juu wa barabara, na tuta likageuzwa bwawa. Halikujengwa kuwa bwawa. Udongo wake hunywa maji ukalainika, na maji yakipata upenyo pembeni mwa bomba au yakipita juu, huanza kuumega upande wa chini. Lami hubaki juu imening'inia, ikionekana nzima machoni pa dereva, hali chini yake pana shimo. Dalili huwa zipo kabla: ufa unaokata barabara kwa upana, sehemu iliyobonyea kidogo juu ya kalavati, maji ya rangi ya udongo yanayotoka pembeni mwa bomba badala ya kutoka ndani yake. Dereva wa michomoko anayepita mara sita kwa siku huziona dalili hizo kabla ya mhandisi. Haulizwi.

Wanaodhani tunatia chumvi na waikumbuke Kiyegeya. Mwanzoni mwa Machi 2020, daraja la Kiyegeya wilayani Gairo, kwenye barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma, lilisombwa na maji. Barabara ile si ya kijiji. Ndiyo inayobeba shehena ya bandari ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, Kanda ya Ziwa, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na ilikuwa ya lami kwa miongo mingi. Mabasi na malori yalipanga foleni pande zote mbili, wengine wakageuza na kuzunguka kupitia Iringa, na serikali ikahamishia wataalamu wake pale mtoni kutafuta njia ya muda. Mei 2024 ilikuwa zamu ya kusini: kimbunga Hidaya kilipoingia, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika Somanga na sehemu nyingine za Kilwa, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa kama kisiwa.

Inafaa tujiulize nani hulipa siku barabara inapofungwa. Mwenye lori hulipa mafuta na posho ya dereva, kisha huongeza bei. Mwenye duka humwongezea mteja. Mteja hana wa kumwongezea. Katika nyanda hizi chumvi ya Uvinza, dagaa na mawese ya Kigoma hupanda juu, na maharage, mahindi na muhogo wa Kasulu na Kibondo hushuka au huenda Kanda ya Ziwa. Lori likikwama siku nne, mama mwenye genge Kibondo hukosa dagaa wa kuuza, na mkulima wa Mvugwe huyaona maharage yake yakivunda kwa unyevu. Wote wawili hupata hasara, na hakuna aliyewadhulumu ambaye wanaweza kumtaja kwa jina. Nyumbani ndiko hesabu inakomalizikia: mlo wa jioni unakuwa uji, ada ya mtoto inasogezwa hadi muhula ujao, na mume na mke wanagombana juu ya fedha ambazo si mmoja wao aliyezipoteza.

Kuna wengine ambao hata kugombana juu ya fedha hawawezi, kwa kuwa hawana. Kambi ya Nduta ilifunguliwa upya Oktoba 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka ule. Kabla ya hapo iliwahi kuwahifadhi ndugu zao waliokimbia vita vya miaka ya 1990. Mkimbizi nchini mwetu haruhusiwi kutoka kambini bila kibali. Hawezi kusema barabara imefungwa, basi naenda Kibondo kwa miguu kutafuta unga. Mgao wake unakuja kwa malori, na malori yanakuja kwa barabara hii hii, kisha yanaiacha njia kuu na kuingia njia ya vumbi ambayo mvua ikinyesha huwa ya tope. Kwa mkulima wa Kibondo kalavati lililoziba ni hasara. Kwa mama aliye kambini, mwenye watoto watano na debe tupu, ni kitu kingine kabisa.

Hapa ndipo tunapotaka kuwakumbusha wahusika hesabu ambayo wao wanaijua kuliko sisi. Mfuko wa Barabara ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1998, ili fedha za matengenezo zitoke kwenye tozo ya mafuta na zisiombwe kila mwaka kama sadaka. TANROADS ilianza kazi mwaka 2000 kusimamia barabara kuu na za mikoa. TARURA ikaanza Julai 2017 kusimamia za vijijini na mijini. Na Julai 2021 ikaongezwa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo za vijijini. Maana yake ni kwamba mjamzito anayepanda bodaboda kutoka kijijini kwenda zahanati amekwisha kulipia mtaro wa njia anayopita. Hakumlipa mtu mkononi, lakini amelipa, ndani ya nauli. Akikuta mtaro umejaa mchanga tangu msimu uliopita, ana haki ya kuuliza, na hastahili kujibiwa kwamba mvua zimekuwa nyingi.

Na kazi yenyewe si ya ajabu. Kuzibua kalavati kabla ya Oktoba kunahitaji majembe, sepetu, toroli na watu wa kijiji waliolipwa ujira wao. Kujenga upya tuta lililosombwa kunahitaji makatapila, malori ya mawe, wahandisi wanaokesha, na waziri aliyevaa viatu vya mvua mbele ya kamera. Ajabu ni kwamba hili la pili hupatikana upesi kuliko lile la kwanza. Kalavati lililozibuliwa halina sherehe. Hakuna utepe wa kukata.

Lakini tukisema hivyo tu na kunyamaza tutakuwa hatukusema kweli yote. Mabua yaliyoziba kalavati lile hayakuletwa na serikali. Yalitoka shambani, na shamba lilikuwa limelimwa hadi ukingoni mwa mtaro. Katika vijiji vingi kando ya barabara hii mtu akitaka pikipiki yake ifike mlangoni huujaza mtaro udongo na kuuacha hivyo, bila hata bomba la kupitishia maji. Magenge yamepangwa juu ya mifereji. Maganda ya miwa, mifuko ya saruji na nguo kuukuu vinasukumiwa humo jioni ili uwanja uonekane safi. Mvua ya kwanza inavikusanya vyote na kuvipeleka mahali pamoja. Tumeziona nyumba za ibada zetu wenyewe zikifanya hivyo, na ni wepesi wa kusamehe tunapojihukumu sisi.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni sehemu ya imani. Khatibu hulisimulia hili, nasi tukamwelewa kuwa anazungumzia mwiba, jiwe au kipande cha chupa. Tunaliweka kuwa jambo dogo linalotendwa na mtu mmoja anayepita. Ni mara chache kusikia likitajwa kuhusu kalavati ambalo likiziba litawalaza njiani abiria wa mabasi kumi, akiwemo mjamzito. Tumechangishana kwa minara na mazulia, na Mola awalipe waliotoa. Bado hatujakumbuka msikiti uliochangishana kununua mabomba manne ya saruji kwa ajili ya kivuko cha kijiji, ingawa kila Ijumaa waumini huvuka hapo wamevua viatu.

Wanawake wanaosoma kurasa hizi wanamjua Bibi Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid. Njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, zaidi ya kilomita 1,000 za jangwa, inaitwa kwa jina lake hadi leo, kwa sababu ya visima, mabirika na vituo alivyovigharimia. Kinachosahaulika ni kwamba kuchimba birika jangwani ni nusu ya kazi. Mchanga huingia kila upepo unapovuma. Mfereji aliouleta Makka uliendelea kuwanywesha watu kwa karne nyingi kwa kuwa vizazi vilivyofuata viliuzibua na kuutengeneza, kila kimoja kwa zamu yake, na majina ya wengi wa waliozibua hayakuandikwa popote.

Kwa wanaosafiri na familia msimu huu tunaongeza neno moja la tahadhari. Maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanatosha kumwangusha mtu mzima, na yakifika kwenye tumbo la gari dogo yanaweza kulinyanyua. Asiwepo abiria wa kumshawishi dereva avuke kwa sababu tu basi la mbele limevuka. Huenda hilo la mbele ndilo lililomega kipande cha mwisho cha tuta. Na mwenye mjamzito aliyekaribia siku zake amsogeze karibu na hospitali mapema, kwa jamaa au kwa rafiki, asisubiri uchungu uanze hali mawingu yamekwisha kutanda.

Tumerudi kule hivi karibuni, safari hii mchana na kwenye lami. Gari halikupunguza mwendo hadi tulipomwomba dereva atushushe mahali tulipodhani ndipo tulipolala usiku ule. Pamebadilika. Bomba la zamani halipo. Pana kalavati kubwa la zege, mtu mzima anaweza kusimama ndani yake akainama kidogo tu. Kazi nzuri. Tuliteremka kulitazama upande wa juu, ambako maji huingilia. Mchanga ulikuwa umekwisha kujaa karibu nusu, na juu ya mchanga yameota majani ambayo mbuzi watatu walikuwa wakiyala kwa utulivu. Kijana aliyekuwa akiwachunga alitusalimu kwa adabu. Tukamuuliza, “Mwanangu, mvua kubwa ikija maji hapa hupita wapi?”

Akanyoosha fimbo yake, akatuonyesha barabara.